Kabla ya kumwelekeza mtu duka la kalamu za wino, lipime kwanza

Watu wakiniona naandika na kalamu ya wino, hii ya nibu inayotiwa wino ndani, suala lao moja tu, umenunua wapi yakhe, na mie sipendi kumtajia mtu duka akaenda akarudi na kitu hakifai, kwa hiyo ntakwambieni navyolipima mwenyewe kabla sijampeleka mtu. Hapa mjini Unguja kalamu hizi huzikuti kila pahala, utaziona kwenye stesheneri pembeni ya madaftari au ndani ya kabati la kioo kwenye maduka ya saa na zawadi, na muuzaji mmoja anazijua vizuri, mwengine kaziweka tu.

Nenda na karatasi yako, daftari lile lile unaloandikia kila siku. Muombe muuzaji uchovye nibu, kile kichuma cha mbele kinachoandika, kwenye wino ujaribu, akikubali na akakupa na kitambaa cha kufutia basi huyo ndo mtu wako. Andika nane nyingi zilizoungana bila kukandamiza, ukihisi inakwaruza upande mmoja ipige picha nibu kwa simu uikuze, zile ncha mbili zinatakiwa zikae sawa, moja ikimpanda mwenzake iache. Herufi iliyochorwa kwenye nibu ndo unene wa mstari, F ni nyembamba, M ya kati, B nene, lakini F ya Pilot ya Kijapani kwa kawaida inatoka nyembamba kuliko F ya Lamy ya Kijerumani, kwa hiyo usinunue kwa kusoma herufi tu.

Halafu kuna hili, na kwetu sisi ndo kubwa zaidi, maana wengi tunaandika Kiswahili na Kiarabu kwa kalamu moja. Ukiandika Kiarabu kwa mkono wa kulia, mkono unapita juu ya ulichokwisha andika, wino ukichelewa kukauka ukurasa mzima umechafuka, na wakati wa masika karatasi zimeshalainika na unyevu ndo usiseme. Basi pale pale dukani andika jina lako kwa Kiarabu, hesabu mpaka kumi, pitisha kidole.

Kwenye wino ndo duka linapojulikana. Muulize, huu wa kalamu hizi au wa khati, yale maandishi ya Kiarabu ya mapambo? Wino wa khati wa asili ni masizi na gundi ya mti, kwenye kalamu ya tete unapendeza mno, lakini kwenye kalamu ya wino unaganda ndani na kuziba. Mie kuna duka niliambiwa wino ni wino tu, nikautia kwenye kalamu niliyopewa na babu yangu, nikakaa siku tatu naiosha kwa maji baridi nabadilisha nabadilisha mpaka ikafunguka, na maji ya moto usitumie yanaweza kuharibu plastiki. Zafarani ya kuandikia makombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa zikanywewa, nayo usithubutu. Ukikuta Quink ya Parker, wino uliopo toka 1931, hiyo ni dalili nzuri, ila inyanyue chupa kwenye mwanga uangalie, ikiwa na mashapo chini au utando juu irudishe.

Uliza na katriji, vile vibomba vya wino vya kuchomeka ndani ya kalamu. Parker, Lamy na Pilot kila mmoja ana yake, Pelikan na Kaweco zinaingia zile fupi za kawaida. Akikuuzia kalamu na hana katriji zake wala konvata, kile kibomba cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa, ikikauka utasubiri mtu aje na boti kutoka Dar.

Duka likishapita kote huko, muelekeze mwenzako vizuri. Usimwambie liko Mkunazini ukanyamaza, vichochoro vile hata mwenyeji anapotea, mpe alama, ukitoka kanisani unashika upande gani, baraza gani iko mbele yake. Mwambie bei uliyotoa wewe, rangi za wino ulizozikuta siku ile, na kwamba mwenyewe anakubali watu wachovye. Na mwambie asende Ijumaa mchana, atakuta mlango umefungwa watu wako msikitini, aende alasiri na daftari lake mkononi.