Kupaka rangi askari wa Napoleon wa milimita 6

Jamani hawa askari wa sanamu wadogo wa milimita 6 usiwapake kama wale wakubwa, macho na vifungo achana navyo, hapa unapaka batalioni nzima siyo mtu mmoja mmoja. Piga spreyi nyeusi kwanza, ikauke vizuri. Kwa askari wa miguu wa Ufaransa kwenye vita vya Waterloo, 1815, chagua bluu inayong'aa kuliko ile ya koti lenyewe, maana kwenye kitu kidogo hivi bluu iliyokolea ukiiangalia kwa mbali inakuwa nyeusi tu. Halafu nyeupe kifuani na kwenye suruali, kidoti cha rangi ya ngozi usoni na mikononi, bunduki mstari wa kahawia, singe mguso wa fedha, kofia iache na weusi wa spreyi. Wachache wapake makoti marefu ya kijivu, kikosi kinapendeza zaidi kikichanganyika.

Besi, yaani kibao wanachosimamia, ndo tamu sasa! Gundi nyeupe ya mbao, mwagia mchanga mlaini uliochekechwa, ukikauka paka kahawia ya tope kabisa kwa sababu usiku wa kuamkia vita mvua ilinyesha sana, kisha pitisha brashi kavu yenye rangi ya udongo mkavu juujuu tu, nyasi bandia bandika vishada vichache, zikizidi zinameza miguu ya askari.