Kutundika nakala ya "Samoni" wa Takahashi Yuichi

Takahashi, mchoraji wa Japani, alimchora mnamo 1877 hivi: samaki mmoja aliyetiwa chumvi, amening'inizwa kwa kamba, pande la ubavu limeshakatwa. Mke wangu huuliza ndimu iko wapi. Mchoro wenyewe, ulioko Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, una kimo cha sentimita 140; nakala yangu ni nusu yake, na bado inataka ukuta usio mpana, karibu na mlango, si juu ya kochi.

Karatasi isiguse kioo, unyevu utaigandisha (ya kwanza niliipoteza hivyo). Tenganisha kwa ukingo wa kadibodi isiyo na asidi. Tundika kwa skrubu mbili, fremu isiende upande. Na jua lisiifikie. Wekundu wa nyama utapauka.