Jinsi ya kuchagua bastola ya kaliba kubwa yenye teke la upole

Wengi wanaokuja kwangu hapa Mwanza kujifunza kutumia silaha zao za leseni ni wafanyabiashara: wa dagaa na sangara wa Mwaloni Kirumba, wa dhahabu wanaokwenda na kurudi Geita, wenye vituo vya mafuta huko Nyakato na Usagara. Tukifika kwenye bastola, ombi ni lilelile: "Mwalimu, nataka .45, lakini isinipige teke." Teke ni bastola kurudi nyuma mkononi unapopiga, na .45 ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi. Inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba mtu anaanza kwa kutazama namba iliyoandikwa kwenye boksi la risasi, wakati teke linaamuliwa pia, na mara nyingi zaidi, na uzito wa bastola, umbo la mpini na mkono unaoushika. Huu ndio mpangilio ninaoufuata ninapomsaidia mtu kuchagua.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya kibali kabla hujaipenda bastola yoyote

Umiliki wa silaha Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Safari inaanzia serikali ya mtaa wako na polisi wa wilaya, si dukani. Leseni hutolewa kwa silaha inayojulikana, yenye namba yake na kaliba yake. Ukishanunua huwezi kubadili kaliba kama unavyobadili laini ya simu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, uliza mambo mawili. Kwanza, waulize polisi wanaoshughulikia silaha kama kaliba unayoitaka inakubalika kwa matumizi uliyoyaeleza kwenye maombi yako. Pili, muulize muuzaji mwenye leseni kama risasi zake anazipata mara kwa mara au alizipata mara moja tu. Jambo hili la pili watu hulipuuza, na mimi naliona kubwa kuliko mengine yote. Anayepata risasi za kufanyia mazoezi ataizoea .45 ndani ya muda mfupi. Asiyezipata ataiogopa bastola yake mwenyewe miaka yote.

Hatua ya 2: Elewa teke linatoka wapi

Risasi inapokwenda mbele, bastola inasukumwa nyuma kwa kiasi hichohicho cha msukumo. Kipimo chake ni rahisi: uzito wa kichwa cha risasi mara mwendo wake. Gesi ya baruti huongeza kidogo, lakini kwa kulinganisha tunaweza kuiacha.

Tuchukue risasi za kawaida za kiwandani. Ya milimita 9 ina kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa takriban mita 350 kwa sekunde. Zidisha, ukigeuza gramu kuwa kilo, unapata 2.8. Ya .40 ina gramu 11.7 na mwendo wa karibu mita 300, unapata 3.5. Ya .45 ACP, ambayo ndiyo risasi ya kawaida ya bastola za .45, ina gramu 14.9 na mwendo wa karibu mita 255, unapata 3.8. Halafu kuna .44 Magnum, risasi ya nguvu kubwa, gramu 15.6 kwa mita 410 hivi: 6.4.

Tazama hizo namba vizuri. Kati ya .40 na .45 tofauti ni ndogo, lakini waulize waliopiga zote mbili, wengi watakwambia .45 ndiyo iliyo laini. Sababu kubwa ni presha ya gesi inayosukuma risasi. Risasi ya .45 ACP hufanya kazi kwa presha ambayo ni karibu asilimia 60 ya ile ya milimita 9 au .40. Kichwa ni kizito na kinakwenda polepole, kwa hiyo mkononi unahisi kusukumwa, si kuchapwa. Pia .45 ilizaliwa pamoja na bastola nzito ya chuma: John Browning aliibuni mwanzoni mwa karne iliyopita, na jeshi la Marekani likaipokea pamoja na bastola ya M1911 mwaka 1911. Risasi ya .40 yenyewe ilikuja mwaka 1990, ikapachikwa kwenye bastola zilizosanifiwa kwa milimita 9. Ukubwa na uzito wa bastola ukabaki uleule, teke likaongezeka.

Hatua ya 3: Chagua risasi kwanza, bastola baadaye

Kama unataka kaliba kubwa na teke la upole, mlango wa kwanza ni .45 ACP. Sipendekezi .40 kwa mwanafunzi mpya. Milimita 10 yenye baruti kamili na .44 Magnum nazo usizifikirie kwa ulinzi wa duka au gari. Huko unanunua nguvu ambayo hutaweza kuidhibiti katika risasi ya pili.

Upo mlango mwingine ambao watu wachache huujua. Rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .44 Magnum inakubali risasi ya .44 Special, ambayo ni fupi kidogo na imekuwepo tangu mwaka 1907. Kichwa chake ni cha gramu 16 hivi kinachokwenda karibu mita 230 tu kwa sekunde, na rivolva yenyewe ikiwa na mtutu mrefu huzidi kilo 1.2. Matokeo yake ni teke la upole ambalo humshangaza kila anayelijaribu. Vivyo hivyo rivolva ya .357 Magnum hupiga .38 Special. Kinyume chake hakifai: risasi ya Magnum haipaswi kuingia kwenye rivolva iliyotengenezwa kwa Special. Na ukipiga fupi nyingi, masizi hujikusanya kama pete ndani ya vyumba vya silinda, nayo ndefu hukwama. Sugua vyumba hivyo kwa brashi kabla ya kubadilisha. Kikwazo kwa kwetu ni upatikanaji, kwa hiyo rudi kwenye swali la hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Chukua uzito utakaoweza kuubeba siku nzima

Msukumo ni uleule, lakini bastola nzito inarudi nyuma kwa mwendo mdogo. Msukumo wa 3.8 ukiupa bastola ya chuma ya kilo 1.1, kama M1911 ya ukubwa kamili, unairudisha kwa karibu mita 3.5 kwa sekunde. Ukiupa bastola ndogo ya gramu 750, inarudi kwa mita 5. Risasi ni ileile moja, lakini mkononi ni bastola mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana .45 ndogo ya kuficha mfukoni ni chaguo baya kwa mtu anayetafuta upole.

Bastola za plastiki ngumu zina jambo lake. Glock 21, kwa mfano, ina karibu gramu 830 ikiwa na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) tupu, lakini hubeba risasi 13, na kila risasi ya .45 ina gramu 21 hivi. Ikijaa inakaribia kilo 1.1, sawa na M1911 tupu. Maana yake ni kwamba risasi za kwanza za magazini ni laini kuliko za mwisho. Unapoijaribu, maliza magazini yote. Usihukumu kwa risasi mbili za mwanzo.

Nzito kuliko hizo ni CZ 97 B ya Ucheki, chuma kitupu cha zaidi ya kilo 1.1 kabla hujaweka risasi. Kwa upole wa teke, naipenda sana. Lakini fikiria joto la hapa, shati jepesi, na wewe unapanda na kushuka kivuko cha Kamanga au unakaa kwenye gari hadi Sengerema. Bastola ambayo itaishia chini ya kiti cha gari kwa sababu inachosha kiuno haifai, hata ikiwa laini namna gani, na silaha iliyoachwa garini ni hatari kwako na kwa wengine. Funga mkanda mnene wa ngozi, weka kitu cha kilo moja na robo kiunoni, tembea nacho kutwa nzima. Utapata jibu.

Hatua ya 5: Pima mkono wako

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo watu huwa na haraka.

Bastola nyingi za .45 zenye magazini ya safu mbili zina mpini mnene. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa alikuja na nia ya kuchukua moja ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo aliyosifiwa na shemeji yake. Nilitoa magazini, nikavuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nikatazama chumba cha risasi, nikatia kidole humo kuhakikisha, nikampa naye aangalie mwenyewe. Alipoishika, kidole chake cha shahada kiligusa triga kwa ncha tu. Ili kukifikisha sawasawa alizungusha mkono mzima, na mtutu haukuwa tena kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wake. Teke lote lingepitia kwenye maungio ya kidole gumba.

"Mwalimu, mbona imenigomea?"

"Haijakugomea, mama. Ni pana kuliko mkono wako. Shika hii."

Nikampa ya safu moja, nyembamba, ya chuma. Pedi ya kidole, ile nyama ya ncha yake, ikakaa katikati ya triga, na nyuma ya mpini pakajaa kwenye kiganja bila nafasi. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi.

Basi fanya hivi. Hakikisha bastola ni tupu, wewe na muuzaji mkiwa mmeiona wote wawili, na mtutu umeelekezwa mahali salama. Shika juu kabisa ya mpini, sehemu ya ngozi kati ya gumba na shahada ikae chini kidogo tu ya slaidi. Kadiri mtutu ulivyo karibu na mkono, ndivyo unavyopanda kidogo unapopiga. Ukishika chini unaongeza teke bure. Nyoosha mkono na uangalie kama mtutu, kifundo cha mkono na mkono wote viko kwenye mstari mmoja huku pedi ya kidole ikiwa juu ya triga. Kisha leta mkono wa pili: unapaswa kupata nafasi ya kiganja chake upande wa mpini, bila kupanda juu ya vidole vya mkono wa kwanza.

Kama bastola ina migongo ya mpini inayobadilishwa, jaribu yote. Mgongo mpana hutawanya teke kwenye eneo kubwa la kiganja, mwembamba hulikusanya mahali pamoja. Kwenye rivolva, mpini wa mpira laini unaofunika chuma cha nyuma hufanya kazi kubwa kuliko wa mbao, hata kama wa mbao unapendeza zaidi.

Na ukikuta hakuna .45 inayokukaa, chukua milimita 9 ya chuma, nzito. Nasema hivi kwa moyo wote: risasi iliyofika unapolenga ina thamani kuliko kubwa iliyopita pembeni, na risasi iliyopita pembeni mjini ina mtu mbele yake.

Hatua ya 6: Usinunue vitu vya kupunguza teke kabla ya mazoezi

Vitobo juu ya mtutu hushusha mtutu kweli, lakini hutoa mwali juu mbele ya macho yako usiku, na kelele inaongezeka. Kwa ulinzi sivipendi. Springi ngumu zaidi hulainisha safari ya kurudi, kisha slaidi inarudi mbele kwa kishindo na kuinamisha mtutu. Bastola chache zilijengwa na kifaa cha kupooza teke tangu kiwandani, mojawapo ni Heckler & Koch USP; hiyo ni sawa. Vya kuongezea mwenyewe viache.

Hatua ya 7: Kumbuka uko kandokando ya ziwa

Bastola nzito mara nyingi ni ya chuma, na chuma chenye rangi ya buluu ya kizamani hakipatani na hewa ya ziwa pamoja na jasho. Nimeona kutu ikianza chini ya mpini, mahali ambapo mwenyewe hatazami. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua chuma kisichoshika kutu au slaidi iliyotiwa nitridi, yaani tabaka gumu la kuzuia kutu. Usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kila unapoivua kiunoni, hasa miezi ya masika, na iingie kwenye sefu iliyofungwa, mbali na watoto.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa risasi, ukiwa na mkufunzi

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Vaa vizuia sauti vya masikioni na miwani. Anza na risasi moja tu kwenye magazini, kisha mbili, kisha tano. Kaza kifundo cha mkono: bastola ya magazini inahitaji kitu kigumu cha kuegemea, na mkono uliolegea huifanya ikwame huku mtu akiilaumu bastola.

Mwombe mkufunzi achanganye risasi za mazoezi zisizo na baruti kwenye magazini bila wewe kujua zilipo. Ukifika kwenye mojawapo, triga italia "ta" na hakuna kitakachotoka. Tazama kilengeo cha mbele wakati huo. Kikibaki kimetulia, bastola hiyo imekukubali na unaweza kuinunua. Kikizama chini, mwili wako unalisubiri teke na kulipiga vita kabla halijaja. Kwa anayetumia mkono wa kulia risasi zake zitakuwa zinaangukia chini kushoto. Punguza magazini iwe na risasi moja moja, uvute triga polepole, urudie. Kikiendelea kuzama hata baada ya hapo, shuka ngazi moja ya teke, .45 nzito zaidi au milimita 9, na ufanye jaribio hilohilo upya kabla ya kwenda kulipia.