Jinsi ya kuifaidi Leica CL na lenzi zake ukiwa Mwanza

Kamera ninayoizungumzia hapa ni Leica CL, ile ndogo iliyotoka 1973 ikakoma 1976, jina la Kijerumani ila iliundwa Japani na Minolta ndo maana kule Japani iliuzwa kama Leitz Minolta CL. Bodi peke yake ni kama gramu 365, unatembea nayo kutwa nzima Kirumba shingo haiumi. Kama unayo Minolta CLE ya 1980 mengi ya hapa yanakuhusu pia, na hata ukiwa na Canonet QL17 au Olympus 35 RC au FED ya enzi za Wasovieti, mambo ya mwanga na umbali ni yaleyale, wewe soma tu.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba ukitazama kwenye kidirisha chake huoni kupitia lenzi. Unaona dunia yenyewe, yote iko safi, kuna mistari ya kung'aa inayokuonyesha fremu inaishia wapi, na katikati kuna kimraba kidogo ambamo kitu kimoja kinaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka zile taswira mbili ziwe moja, hapo fokasi imekaa. Ndo rangefainda hiyo. Sasa maana yake kamera haikuonyeshi nyuma patakuwa na ukungu kiasi gani, hilo unaliamua wewe kichwani kabla hujaiinua, na kwa kweli mimi naona raha yote ya hii kamera iko hapo, kwamba inakutaka uwe umeshaamua. Faida nyingine ni kwamba unaona pia kilicho nje ya mistari, kwahiyo kuli anayekuja na gunia la dagaa begani unamwona kabla hajaingia kwenye picha, unamsubiri, akifika unabonyeza.

Kabla ya kununua ikague vizuri maana hizi kamera zina umri wa mtu mzima. Toa mgongo wake (unatoka wote, unageuza kifunguo cha chini unauteremsha), elekeza kamera kwenye taa kali alafu angalia pazia la shata (lile linalofunguka kuingiza mwanga kwenye mkanda wa filamu) kama lina vitundu. Pazia la CL ni la kitambaa. Piga shata kwenye spidi zote, nusu sekunde isikike ndefu kuliko robo, robo ndefu kuliko moja ya nane, ukiona zote zinalia sawa hiyo inahitaji fundi. Vuta leva ya kusogezea mkanda mpaka mwisho alafu iache itokeze kidogo, utaona kimkono kidogo kinapanda nyuma ya lenzi, hicho ndo kimebeba jicho la mita ya mwanga, na ukibonyeza shata kinatakiwa kishuke chenyewe. Lenzi imulike na tochi ya simu kutokea nyuma, ukiona nyuzinyuzi za kuvu ndani achana nayo. Fokasi nayo inapimika kirahisi sana hapa kwetu: panda Capri Point, tazama kilima cha mbali ng'ambo ya maji, zungusha lenzi mpaka mwisho kwenye alama ya upeo (∞, yaani mbali kabisa), zile taswira mbili za kilima ziwe zimelaliana kabisa. Zikipishana kwa pembeni au moja ikiwa juu ya nyingine, rangefainda imehama, inarekebishika ila usiishike wewe na bisibisi, tafuta fundi mwenye mkono mwepesi kama wa fundi saa.

Betri. CL ilitengenezewa betri ya zebaki ya PX625 ya volti 1.35 na hizo haziuzwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5 mita itakudanganya, na uongo wenyewe unabadilika kadri betri inavyochoka. Dawa yake ni betri za vifaa vya kusikia za namba 675, unaizungushia kiringi ili isicheze, volti zake zinakaribia sana zile za zamani. Betri inakaa ndani, huifikii mpaka utoe mgongo, kwahiyo badilisha kabla hujaweka mkanda. Na ikifa katikati ya mkanda hamna shida kabisa, shata ya CL ni ya springi, inapiga bila betri, unachopoteza ni mita tu.

Kusema ukweli kwa jua la Mwanza mita unaweza ukaishi bila yake. Kanuni ya zamani inasema jua likiwa wazi weka apacha (tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) f16 na spidi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO ya mkanda (wepesi wake wa kudaka mwanga). Mkanda wa 200 kama Kodak Gold, f16 kwa 1/250, au f11 kwa 1/500 ambayo ni mwanga uleule. Mkanda wa 400 kama Ilford HP5, f16 kwa 1/500. Wingu jepesi fungua stopu moja (yaani mwanga mara mbili), wingu zito la masika fungua tatu, kivuli cha kibanda fungua tatu au nne. Basi. Mita itumie pale penye utata, na hapa ziwani utata upo kwelikweli, kwa sababu mita ya CL inasoma duara dogo tu la katikati. Ukilielekeza kwenye maji yanayong'aa au kwenye dagaa walioanikwa, wale dagaa ni fedha tupu, mita itadhani kuna mwanga mwingi mno, utafunga lenzi, na mama aliyesimama pale atatoka kivuli kitupu. Sura za watu wetu zinateseka sana na hili, unakuta maji yametoka vizuri uso haupo. Fanya hivi: sogea, soma mwanga kwenye uso wenyewe, weka hapo, rudi nyuma upige. Vitabu vitakwambia kwa ngozi nyeusi ufunge stopu moja baada ya kusoma uso, ni kweli, ila kwa mkanda wa negativu mimi siifungi, negativu inavumilia mwanga wa ziada kuliko upungufu, na kivuli cha chini ya kofia kinabaki na kitu ndani yake. Kama huwezi kumsogelea mtu, soma kiganja chako kikiwa kwenye jua lilelile alafu fungua stopu moja.

Muda wa kutoka ni asubuhi saa 1 mpaka saa 3, alafu jioni kuanzia saa 11. Huku karibu na ikweta jua linashuka wima, ule mwanga wa dhahabu haukai, jua linazama kama saa 1 kasoro na ukichelewa kidogo tu giza limeingia. Mchana wa saa 7 jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, muda huo piga mawe, piga pimbi wanaoota jua, au kaa ule sato.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: usiiache kamera hii bila kifuniko lenzi ikitazama jua. Kamera za kioo za kawaida zina kioo ndani kinachokinga shata, hii haina, lenzi inakusanya jua moja kwa moja kwenye pazia la kitambaa kama watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia, pazia linatoboka na kuanzia hapo kila picha ina doa. Kwenye kivuko cha Kamanga unakaa zako umeiweka mapajani inatazama juu, hapohapo ndo inaungua. Ukitembea weka kifuniko. Utasema nitasahau kukitoa, ni kweli wengi wanasahau maana kidirisha hakipiti kwenye lenzi, ila angalia sindano ya mita kulia mwa kidirisha, kama haiinuki juani basi kifuniko kipo.

Sasa umbali, hii ndo sehemu tamu. Lenzi iliyokuja nayo ni Summicron-C 40mm f2, ndogo sana na nzuri sana, kwenye pete ya fokasi ina kiulimi kidogo cha kuweka kidole. Kaa nyumbani ujifunze kile kiulimi: kikiwa hapa ni mita 1, kikiwa chini katikati ni umbali fulani, kikiwa kule ni upeo, mpaka kidole kijue chenyewe bila jicho. Alafu jifunze kukadiria mita kwa macho. Ukiweka f11 na umbali wa mita 5, kila kitu kuanzia kama mita 2 na nusu mpaka ng'ambo ya ziwa kitakuwa safi, huna haja ya kugusa fokasi tena, unainua unapiga unashusha. Ndivyo navyopiga soko la samaki la Mwaloni Kirumba, maana pale watu wanakimbia na magunia na hawana muda na wewe. Ukitaka mtu mmoja ang'ae na nyuma pafifie, ingia kivulini, fungua f2 au f2.8, sogea mpaka mita 1 hivi (mwisho wake ni 0.8), hapo sasa tumia ule mraba na ulinganishe kwenye jicho lake, taratibu.

Lenzi ya pili ya familia yake ni Elmar-C 90mm f4, nzuri kwa mtumbwi ulio mbali kidogo au sura ya mzee, ila fremu yake ndani ya kidirisha ni ndogo na rangefainda ya CL ina msingi mfupi (vidirisha vyake viwili vya kupimia umbali viko karibukaribu), kwahiyo ukiwa f4 karibu kuwa makini. Lenzi nzito za 90mm f2 hii kamera haiwezi kuzilenga kwa uhakika, usipoteze hela. Mistari ya ndani ni ya 40, 50 na 90, ya 28 na 35 haipo (CLE ndo ina 28). Mimi 35 naiweka na kuhesabu kidirisha chote ndo fremu, inatosha kabisa. Ukiwa na adapta unaweza kufunga lenzi za skrubu za zamani kama Jupiter-8 ya Wasovieti, bei ya chini na ina tabia yake ya upole, ila za Kisovieti mara nyingi hazikubaliani sawasawa na rangefainda ya Leica, funga mpaka f5.6 tofauti inajificha. Kumbuka tu kile kimkono cha mita: lenzi inayoingia ndani sana kama Jupiter-12 itakivunja, na lenzi za kukunja usizikunje zikiwa kwenye CL.

Kupiga watu ni kusalimia kwanza. Asubuhi Igombe au Kayenze wavuvi wa dagaa wanarudi, wanavua usiku kwa taa siku za giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, kwahiyo angalia mwezi kabla hujapanda daladala. Ukifika, shikamoo mama, wangaluka (salamu ya Kisukuma ya asubuhi), eleza, naomba nikupige picha ukianika. "Marahaba mwanangu, utaniletea?" Ukisema utaleta, leta. Wakati mnaongea weka kila kitu tayari, mita 2, f8, 1/1000 kwa mkanda wa 200, akiinama tena kumwaga ndoo wewe unainua tu. Na usielekeze kamera kwenye kituo cha polisi, jeshi au mitambo ya bandari, utajitafutia maelezo marefu.

Mikanda agiza, mtu akitoka Nairobi au Dar akubebee. Akija kwa basi ni vizuri zaidi, akija kwa ndege aombe ikaguliwe kwa mkono maana mashine mpya za uwanjani zinaharibu filamu. Ikifika weka friji, itoe saa chache kabla ya kutumia ili isitoe jasho. Kamera yenyewe usiifungie kwenye mfuko wa ngozi kabatini, ngozi inatunza unyevu na kuvu wa ziwani anaupenda, weka sehemu yenye hewa na vile vifuko vya kukausha unyevu.

Kusafisha mkanda mweusi na mweupe fanya mwenyewe, unahitaji tenki, kipimajoto, dawa ya kutokeza picha kama D-76 na fiksa (dawa ya kuikaza picha isiharibiwe na mwanga), mkanda unaupakia kwenye tenki usiku bafuni taa zote zimezimwa na blanketi mlangoni. Maelekezo yote yameandikwa kwa nyuzi 20 ila maji ya bomba hapa yanafika 24 na zaidi. Ama utulize kwa barafu ama upunguze muda: HP5 kwa D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ni kama dakika 11 kwa nyuzi 20, kwa 24 inashuka mpaka 8 hivi. Usishuke chini ya dakika 5 kwa dawa yoyote, mkanda utatoka mabakamabaka. Suuza ya mwisho iwe na maji ya chupa na tone moja la sabuni ya vyombo, la sivyo chumvi inabaki madoadoa, alafu ning'iniza bafuni pasipo na upepo na ufunge dirisha mapema, wale wadudu wa ziwani wakiingia watanata kwenye mkanda mbichi. Picha zipige kwa simu au kamera juu ya kioo cha tableti kilichowashwa cheupe, weka kitu cheupe kinachopitisha mwanga katikati ili vidoti vya skrini visionekane.

Fiksa iliyochoka usiimwage mtaroni, ina madini ya fedha na mitaro yetu inaishia ziwani. Iweke kwenye dumu, tumbukiza steel wool ya kusugulia sufuria, iache wiki kadhaa fedha ishikane na ile waya itue chini, na hilo tope likusanye kwenye kopo lake.