Kujiandaa kwa Mbio za Kwanza za Baiskeli Ukiwa Mkazi wa Dar es Salaam

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda kushindana na waendesha baiskeli wa Mwanza, Shinyanga au Simiyu anakwenda kukutana na watu waliokulia juu ya baiskeli, ambao wamebeba maji, mazao na ndugu zao juu ya keria tangu utotoni. Mkazi wa jiji mwenye kazi ya mchana, familia na foleni ya kila jioni hawezi kuwafikia kwa kuongeza saa za mazoezi, kwa kuwa saa hizo hana. Anachoweza kufanya ni kuacha kupoteza nguvu: asizimalize juani, asizimalize katika siku ambazo alipaswa kwenda polepole, na zaidi ya yote asizimalize kwa kupambana na upepo peke yake. Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo, ambaye tayari anaweza kukanyaga kwa saa moja na nusu bila taabu, na aliyebakiwa na wiki 12 kabla ya mbio za barabarani za kilomita 80 hadi 100.

Kuhusu baiskeli yenyewe sina mengi ya kusema. Baiskeli ya mbio ya mtumba yenye fremu isiyo na ufa, breki zinazoshika na gia zinazoingia bila kusita inatosha kwa mwaka wa kwanza, na fedha inayobaki ni bora iende kwenye helmeti, kaptula yenye pedi na matairi mapya. Pima urefu wa siti kwa kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kulala upande mmoja. Siti iliyo chini mno huumiza goti kwa mbele, na iliyo juu mno huliumiza kwa nyuma. Mtu wa kilo 70 mwenye matairi ya milimita 25 aanze na upepo wa psi 80 hadi 85 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachosomwa kwenye pampu), kisha apunguze kidogo barabara inapokuwa imelowa. Anayefanya mazoezi kando ya bahari aufute mnyororo kwa kitambaa kikavu kila anaporudi na kuupaka mafuta mapya, kwa sababu hewa ya chumvi huuanzishia kutu haraka.

Saa ya mazoezi katika jiji hili ni alfajiri. Jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, na saa moja na nusu baadaye joto na magari huwa vimekwisha kuungana dhidi yako. Toka saa 11 au saa 11 na nusu, ukiwa na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na nguo ya rangi inayoonekana, na uwe umekwisha kurudi kabla daladala hazijaanza kugombea abiria vituoni. Kwa mazoezi mafupi ya siku za kazi, mzunguko wa Masaki na Oysterbay kupitia Coco Beach na Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, una faida ya kuwa karibu na mjini. Hata hivyo, upitie kwanza kwa mwendo wa kawaida ili uyajue matuta yote kabla ya kuyakuta ukiwa kasi. Anayehitaji milima aelekee Pugu na Kisarawe, ambako vilima ni vifupi lakini vinatosha kurudiwa mara tano au sita. Kwa safari ndefu ya Jumamosi, barabara ya Bagamoyo ndiyo shule yetu kubwa, kwani kutoka Mwenge hadi Bagamoyo mjini na kurudi ni zaidi ya kilomita 100. Baada ya Tegeta barabara hupungua upana na mabasi hupita kwa kasi, kwa hiyo si mahali pa mtu anayesikiliza muziki masikioni. Barabara ya Morogoro, pamoja na malori yake, simshauri mtu yeyote aitumie kwa mazoezi.

Wiki ya mtu mwenye kazi inaweza kubeba saa saba au nane za baiskeli, na mgawanyo wake ni muhimu kuliko wingi wake. Jumatatu pumzika. Jumanne na Alhamisi ndizo siku za kazi ngumu. Jumatano nenda polepole kwa saa moja, Ijumaa dakika 40 za kulegeza miguu, Jumamosi safari ndefu inayoanzia saa mbili na kuongezeka hadi saa nne, na Jumapili ni ya familia. Kila wiki ya nne punguza muda wote kwa theluthi moja, hata kama unajisikia na nguvu, kwa sababu mwili hujijenga wakati wa kupumzika.

Kosa linalowaharibia watu wengi ni kufanya kila siku kuwa ngumu kiasi. Katika siku ya polepole unapaswa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na bodaboda au kijana mwenye baiskeli ya matunda akikupita, mwache apite. Kwa siku ngumu ya Jumanne, anza na vipindi vinne vya dakika nane, kila kimoja kwa nguvu inayokuruhusu kusema maneno mawili matatu tu, huku ukipumzika dakika nne katikati. Baada ya wiki sita vigeuze kuwa vipindi vitatu vya dakika 15. Kipindi cha mwisho kinapaswa kulingana na cha kwanza. Kikidhoofika sana, ulianza kwa pupa. Alhamisi fanya mikurupuko minane hadi kumi ya dakika moja, kwa sababu katika mbio kundi haliendi kwa mwendo mmoja, bali huongeza kasi ghafla kila baada ya kona na kila juu ya kilima. Zungusha pedali mara 80 hadi 95 kwa dakika. Gia nzito inayokanyagwa polepole huchosha misuli ya paja kabla ya wakati wake.

Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, usiwe wa kujenga nguvu mpya. Dakika 45 za mwendo mwepesi zinazoishia muda mfupi kabla ya futari zinatosha kuhifadhi ulichokwisha kupata, na mazoezi magumu yanaweza kusubiri mfungo uishe.

Joto la Dar es Salaam linahitaji kusomwa kama somo la peke yake. Unyevunyevu wa pwani huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka haliupozi mwili, kwa hiyo moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi kwa kazi ileile. Ukitumia saa ya kupimia mapigo, usishangae kuona namba za Februari ziko juu kuliko za Julai kwa mwendo uleule, wala usijilazimishe kurudia mwendo wa kipupwe katikati ya kaskazi. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya safari ya saa moja: kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Mtu wa kilo 70 asiache upungufu upite kilo moja na nusu. Aliyeongezeka uzito naye amekunywa kupita kiasi, na maji matupu mengi mno hupunguza chumvi katika damu hadi kiwango cha hatari.

Kinywaji cha njiani unaweza kukitengeneza jikoni. Katika lita moja ya maji safi weka vijiko vitano vya mezani vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na robo kijiko cha chai cha chumvi, kisha kamulia ndimu moja na utikise hadi punje za sukari zisionekane tena chini ya chupa. Hapo umepata karibu gramu 60 za wanga, kiasi ambacho tumbo la mtu wa kawaida hukimudu kwa saa moja ya kazi. Asiyependa kinywaji kitamu agawe: nusu ipatikane kwenye chupa, na nusu kwenye ndizi mbivu moja au tende nne tano. Dafu ni zuri baada ya safari, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo peke yake halitoshi kurudisha chumvi iliyotoka kwa jasho. Chochote utakachokula siku ya mbio, kijaribu kwanza mara nne au tano katika safari za Jumamosi. Na ukiona vinyweleo vimesimama kama mwenye baridi wakati jua linawaka, kichwa kikizunguka au mawazo yakipotea, shuka kwenye baiskeli, tafuta kivuli, jimwagie maji na uite msaada.

Sasa upepo, ambao ndio kiini cha mchezo wenyewe. Kupandisha mwendo kutoka kilomita 30 hadi 36 kwa saa kunahitaji zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu ya kuishinda hewa. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwa nusu mita huokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Nililijifunza hili kwa uchungu katika mbio zangu za kwanza, ambapo nilikaa mbele kwa kilomita 30 za mwanzo kwa sababu tu nilijisikia vizuri. Kundi lilipoongeza kasi mnamo kilomita ya 60, miguu haikuwa na cha kujibu, na walionipita walikuwa watu niliowakinga upepo asubuhi nzima.

Kwa hiyo tafuta wenzako wanne au watano na mfanye mazoezi ya kuendesha kwa mstari. Anza kwa umbali wa baiskeli nzima nyuma ya mwenzako, na uupunguze kadiri mnavyozoeana. Usilikazie macho gurudumu lake. Tazama mabega yake na barabara iliyo mbele yake. Usiruhusu gurudumu lako la mbele lipishane ubavuni na gurudumu lake la nyuma, kwa sababu akiyumba kidogo yeye hatahisi kitu, lakini wewe utaanguka. Aliye mbele ana wajibu wa kuonyesha kwa mkono na kwa sauti: shimo, tuta, mchanga, gari limesimama. Zamu yake ya dakika moja au mbili ikiisha, atazame nyuma, ajitoe upande mliokubaliana, apunguze kukanyaga na kuteleza hadi mwisho wa mstari. Anayechukua nafasi yake asiongeze kasi hata kidogo. Karibu kila mgeni hurukia mbele kwa furaha katika hatua hiyo, na mstari wote hukatika nyuma yake.

Barabara ya Bagamoyo hufundisha pepo zote mbili. Wakati wa kusi upepo hukusukuma ukielekea kaskazini, nawe hudhani umepata miguu mipya hadi unapogeuza baiskeli na kuanza kurudi, ukikanyaga kwa bidii ileile kwa mwendo ulioshuka kilomita saba au nane kwa saa. Siku hiyo tunza zaidi ya nusu ya chakula na maji kwa ajili ya kurudi. Wakati wa kaskazi upepo hutoka ubavuni, upande wa bahari, na mahali penye kinga si nyuma kabisa ya mwenzako bali nyuma kwa pembeni. Ukiwa unakwenda Bagamoyo kinga hiyo iko kushoto, ukingoni mwa barabara. Ukirudi huhamia kulia, yaani upande wa magari. Katika barabara isiyofungwa usiifuate huko kamwe. Kaa kwenye mstari mmoja na ukubali kuchoka.

Siku 8 hadi 10 kabla ya mbio punguza muda wa mazoezi karibu nusu, lakini usiondoe kasi: vipindi viwili vifupi vya nguvu vibaki. Anayesafiri kwenda Mwanza afike angalau siku moja au mbili mapema, kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani huweza kuhisi tofauti kwenye vilima. Katika basi, vua magurudumu na uilaze baiskeli upande wa gia ukiwa juu, la sivyo kifaa cha kuhamishia gia kitapinda chini ya mizigo. Siku yenyewe kula chakula ulichokizoea saa tatu kabla ya kuanza, wali mweupe au uji na mkate, bila mafuta mengi na bila maharage.

Bendera ikishuka, jiweke katika theluthi ya mbele ya kundi bila kuwa wa kwanza. Wanaokaa mkiani hulazimika kufunga breki na kukurupuka upya kila kona. Kunywa kila dakika 15 hata kama huna kiu, na kula wakati barabara ni tambarare, si mlimani. Katika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika Afrika, Mslovenia Tadej Pogačar alishinda baada ya kukaa peke yake mbele kwa zaidi ya kilomita 60, na wengi walioona wametamani kumwiga. Kwa mbio za kwanza, nashauri uvumilie ndani ya kundi. Ukitaka kuchomoka, subiri kilomita mbili au tatu za mwisho, pale wengine wanapotazamana, na uondoke kutoka nafasi ya nne au ya tano ukiwa tayari na kasi.

Ikitokea umeachwa, usifukuze peke yako kwa pupa. Tazama nyuma, kwa sababu karibu kila mara kuna wengine wawili watatu walioachwa kama wewe. Kunywa, wasubiri kwa mwendo wa wastani, waambie wazi kwamba zamu ni za dakika moja moja, kisha anza wewe zamu ya kwanza.