Kuirejesha Ruta ya Nyumbani Baada ya Mipangilio ya Mtandao Kuharibika

Mtu anapokosea kubadilisha anwani ya ruta, au anapozima DHCP (huduma ya ruta inayovipa vifaa anwani zenyewe) bila kukusudia, mara nyingi hujifungia nje ya kifaa chake mwenyewe, na jambo la kwanza linalomjia ni kubonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani. Asikibonyeze bado. Katika nyumba za Kampala, Jinja au Mbarara zinazopata intaneti kwa faiba au kwa laini ya simu (SIM), kitufe hicho kinaweza kufuta, pamoja na kosa, jina na neno la siri la PPPoE (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni), namba ya VLAN (inayotenganisha mitandao ndani ya laini moja) au APN (jina la lango la intaneti ya simu) ambavyo fundi wa kampuni aliviingiza siku ya kufunga mtandao, na mara nyingi mwenye nyumba hakuachiwa nakala. Kwa hiyo tuanze na tiba nyepesi.

Ikiwa ruta yako inatumia OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta, inayowekwa badala ya ile ya kiwandani) na umebadilisha mipangilio kupitia ukurasa wake wa kivinjari, subiri kwanza. Ukurasa huo, usipoweza kuwasiliana tena na ruta baada ya mabadiliko, kwa kawaida huyarudisha mambo yalivyokuwa baada ya sekunde 90. Wengi huchomoa umeme kabla ya muda huo kwisha.

Kosa likibaki, unganisha kompyuta kwa kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN (la intaneti inayoingia), kisha zima Wi-Fi ya kompyuta ili isipitie njia nyingine. Tazama anwani ambayo kompyuta imepata: ikianza na 169.254, hakuna DHCP inayojibu, na itakubidi uipe kompyuta anwani kwa mkono. Kama ruta ilikuwa 192.168.1.1, andika 192.168.1.2 na barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, kisha fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Anwani ya kiwandani husomwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, 192.168.0.1 ni ya kawaida kwa ruta nyingi za TP-Link, na 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu. Kila unapojaribu anwani nyingine, ya kompyuta nayo ihamishiwe kwenye mtandao huohuo, la sivyo kompyuta na ruta hazitasikilizana. Ruta ambayo IPv4 yake (anwani za aina ya 192.168.1.1) imevurugika huenda bado ikajibu kwa IPv6 (mfumo mpya zaidi wa anwani) kupitia anwani inayoanza na fe80, kwa hiyo njia hiyo nayo ijaribiwe.

Kwa mwenye OpenWrt ipo njia bora zaidi, ambayo kwa maoni yangu inatosha kuwa sababu ya kuichagua programu hiyo: hali ya dharura. Zima ruta, iwashe, na taa yake inapoanza kumeta, bonyeza kitufe chochote cha kifaa, hata kile cha kurejesha, mara kadhaa kwa kugusa tu bila kukishikilia. Taa ikimeta kwa kasi zaidi, umeingia. Ruta sasa imeyaweka kando mipangilio yako yote, haigawi anwani, na inapatikana kwa 192.168.1.1 bila neno la siri. Ipe kompyuta anwani 192.168.1.2, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike amri hii ya kuingia ndani ya ruta:

ssh root@192.168.1.1

Kompyuta ikilalamika kwamba ufunguo wa ruta umebadilika, usishtuke, kwa maana hali hiyo hutumia ufunguo wa muda. Ondoa ule wa zamani kwa ssh-keygen -R 192.168.1.1. Kisha andika mount_root, amri inayofungua sehemu yenye mafaili yako. Kosa la anwani huwa ndani ya /etc/config/network (la DHCP huwa ndani ya /etc/config/dhcp), na unaweza kulisahihisha kwa vi, programu ya kuhariri mafaili. Usipoliona, lihamishe faili lenyewe:

mv /etc/config/network /root/network.mbaya

Halafu andika sync, ili mabadiliko yahifadhiwe, na baada yake reboot -f, ili ruta ijiwashe upya. Ruta isipolikuta faili hilo inapowaka, hutengeneza jipya la mwanzo, huku jina la Wi-Fi, neno lake la siri na mengineyo yakibaki. Maelezo ya PPPoE utayanakili kutoka faili la zamani, jambo ambalo kitufe cha kurejesha kisingekuruhusu.

Hayo yote yakishindikana, ndipo kitufe kishikiliwe, kwa kawaida sekunde 10 hivi, au, kwa OpenWrt, amri ya firstboot, inayofuta mipangilio yote, itumike. Ikiwa kifaa ni cha kampuni ya intaneti, wapigie simu kwanza uwaombe maelezo ya kuunganishwa, nawe uyaandike.

Kuandika upya programu dhibiti (firmware) ya ruta kuje mwisho kabisa, tena kifaa kikiwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) au betri ya sola, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ruta inaweza isiwake tena. Pakua kwanza, kwa intaneti ya simu, faili la modeli yako kamili pamoja na namba ya toleo la kifaa iliyo kwenye kibandiko, kwa sababu ruta mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na vipuri tofauti ndani.

Intaneti ikisharudi, weka neno jipya la siri la msimamizi, kisha hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta na kwenye flashi.