SOMO: Benchi la nje kwa paleti tatu, bila kuzibomoa

Wakuu, benchi langu la kwanza nilitumia siku mbili nzima kung'oa mbao za paleti (yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo) na nusu yake zikapasuka, maana misumari ya paleti ina mikunjo kama skrubu, ukivuta kwa nguvu ubao unachanika pale pale mwishoni. Siku hizi sibomoi kitu, natumia paleti zikiwa nzima.

Kwanza tafuta muhuri kwenye vigogo vya pembeni, vile vipande vinene kati ya mbao za juu na za chini. HT maana yake mti ulipashwa moto mpaka ndani ukafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo chukua. MB ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi ambayo ni sumu, iache hata iwe nzuri vipi. Isiyo na muhuri au yenye madoa mi siigusi, huwezi jua ilibeba nini. Na zile za bluu nzima mara nyingi ni za kukodisha, zina mwenyewe.

Piga msasa kabla hujaunga chochote, namba 80 afu 120, na vichwa vya misumari vilivyochomoza vizamishe kwanza la sivyo vitakuchania msasa wote. Ukimaliza pitisha soksi kuukuu ya nailoni juu ya ubao, ikinasa mahali ujue kuna kibanzi kinakusubiri.

Sasa kiti. Paleti za Ulaya ni sentimita 120 kwa 80, kimo 14.4. Pandanisha mbili unapata kama 29, ukikaa hapo magoti yanakuja kifuani, lakini ongeza mto wa sponji wa sentimita 15 inafika 44 na hapo unakaa kama mtu. Ziunge kwa vipande vya ubao nyuma na pembeni, kila kipande kishike kigogo cha juu na cha chini, skrubu ziwe zilizopakwa zinki zisishike kutu, na toboa kwanza kwa drili maana mti huu umekauka unapasuka upesi.

Ya tatu isimamishe kwa upana juu ya kiti, ukingo wa nyuma, ndo egemeo. Weka kabari ya sentimita 2.5 chini ya upande wake wa mbele ilale nyuma kidogo, ifunge kwa vyuma vya L na bolti. Ikisimama wima utakaa kama uko mahakamani.

Mwisho paka mafuta ya kitani au vanishi ya nje, ncha za mbao mara mbili kwa sababu ndo zinanyonya maji, na benchi lipumzike juu ya matofali lisiguse udongo. Ila vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje!! Nilikitupa kimoja kwenye ndoo, jioni nakuta kinafuka moshi chenyewe. Tandaza nje kikauke au kiloweke majini.

Swali: Mkuu sina mashine ya msasa, inawezekana?
Jibu: Inawezekana sana, zungushia msasa kwenye kipande cha ubao ufuate mishipa ya mti. Mikono tu ndo itakusema.

Swali: Kaka, paleti zangu ni 120 kwa 100.
Jibu: Kiti kitakuwa na kina kirefu mno, miguu itaning'inia. Sogeza egemeo mbele, nyuma yake utaweka hata vyungu vya maua.

Swali: Na nikitaka mbao moja moja?
Jibu: Usivute msumari, ukate. Inua ubao kidogo kwa mtaimbo, pitisha msumeno wa kukatia chuma kati ya ubao na kigogo. Vichwa vitabaki kwenye ubao na wala havichukizi. Vaa miwani.

Swali: Yangu ina HT kabisa lakini ina vitundu na unga unadondoka?
Jibu: Hao wadudu wameingia baadaye dada, ule moto uliua waliokuwemo tu. Itenge na nzuri, na ndani ya nyumba usiiingize.